Ushauri Hutolewa Bure, Kazi Hulipwa Ujira

Miongoni mwa neema za zama hizi ni kwamba elimu iliyokuwa ikifungiwa ndani ya kuta za vyuo vikubwa sasa humfikia kijana aliyekaa na kompyuta moja iliyochakaa katika chumba cha kupanga. Mfano ulio wazi ni ule wa wasanifu wa michoro, yaani watu wanaobuni nembo za makampuni na taasisi na kuzipanga kurasa za tovuti. Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa watu wa fani hii wametandaza mkeka wao ndani ya intaneti. Mmoja huonyesha nembo aliyoibuni usiku, na kabla ya jua kuchomoza wenzake wa nchi za mbali wameshamweleza kwamba herufi zake zimebanana, au kwamba rangi alizozichagua zinapigana, au kwamba nembo hiyo ikipunguzwa hadi ukubwa wa muhuri haitasomeka. Hawamjui kwa sura, wala hawamdai hata senti moja.

Jambo hili linastahiki sifa. Hata hivyo, ukarimu ukiachwa bila mipaka huwavutia wenye tamaa, na hivyo ndivyo ilivyotokea. Watu walipoona kwamba wasanifu hutoa ushauri bure, wengine walifikia hitimisho kwamba kazi yao nayo ni bure. Makusudio ya makala hii ni kuubainisha mpaka uliopo baina ya mambo mawili hayo, kwani mpaka huo unatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kuchora mstari mmoja.

Bustani isiyo na uzio

Hebu tuanze na wema wenyewe. Mwaka 2003 msanifu mmoja wa Vancouver nchini Kanada, Dave Shea, alianzisha tovuti aliyoiita CSS Zen Garden. Aliandika ukurasa mmoja wa maneno, akautoa kwa kila anayetaka, na akaweka sharti moja: maneno na mpangilio wake wa ndani visiguswe, bali libadilishwe lile faili linaloamrisha rangi, herufi, picha na nafasi peke yake. Wasanifu walileta kazi zao, na zaidi ya miundo 200 iliwekwa hadharani, kila mmoja ukiwa na jina la aliyeutengeneza. Mtazamaji aliweza kuona maneno yale yale yakivaa mavazi mia mbili tofauti.

Faida ya zoezi hilo haikuwa ndogo. Wakati huo waundaji wengi wa tovuti walikuwa wakichanganya maneno na mapambo yake katika faili moja, kiasi kwamba kubadilisha rangi ya vichwa vya habari kulihitaji kupitia kurasa zote, mmoja baada ya mwingine. Bustani ile iliwaonyesha kwa macho kwamba maneno yana nyumba yake na mapambo yana nyumba yake. Kwa njia hiyo hiyo ya kufundishana, mwaka 2010 Ethan Marcotte wa Marekani alieleza namna ya kuunda ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo, iwe ni kompyuta ya mezani au simu ya mkononi. Leo mwananchi anayesoma tovuti kwenye simu ndogo anafaidika na elimu hiyo, japokuwa jina la mwalimu hajapata kulisikia.

Izingatiwe kwamba katika mifano hii miwili hakuna mteja aliyejificha nyuma ya pazia akisubiri kuchukua kazi. Aliyetoa alitoa elimu yake kwa hiari, jina lake likabaki, na aliyepokea alijifunza. Huo ndio ukarimu uliosalimika.

Mchezo ulipogeuka soko

Ama upande wa pili, kisa chake kinaanzia Melbourne nchini Australia. Huko kulikuwa na SitePoint, jumuiya ya watengenezaji wa tovuti. Wasanifu waliokutana humo walikuwa na mchezo wao: mmoja hubuni kazi ya kujifanya, wengine huichora, na mshindi hapati ila sifa za wenzake. Kisha wakaja watu wenye haja ya kweli ya nembo, wakaahidi fedha kwa atakayewapendeza. Mchezo ukawa soko. Mwaka 2008 mashindano hayo yalitengwa yakawa kampuni kamili kwa jina la 99designs, na mwaka 2020 kampuni hiyo ikanunuliwa na Vistaprint, ambayo biashara yake ni uchapaji.

Tufanye hesabu nyepesi. Tuseme mteja anataka nembo moja, wakajitokeza wasanifu 50, na kila mmoja akaifanyia kazi kwa saa 4. Hizo ni saa 200 za kazi. Atakayelipwa ni mmoja, kwa saa zake 4. Saa 196 zilizobaki zimekwenda bila ujira, na waliozitumia wana kodi za kulipa na watoto wa kulisha kama huyo aliyeshinda.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba hata wakubwa wenye uwezo wameiona njia hii kuwa nyepesi. Oktoba 2010 kampuni ya mavazi ya Gap ya Marekani ilibadilisha nembo yake iliyotumika kwa zaidi ya miaka 20. Watu waliikejeli nembo mpya, na kampuni, badala ya kurudi kwa msanifu na kumlipa afikiri upya, ikawaomba watu walete michoro yao wenyewe. Wasanifu waliona kwamba wanaombwa kazi ya bure na kampuni tajiri, wakapaza sauti, na baada ya takriban wiki moja nembo ya zamani ikarudishwa. Mwaka uliofuata, 2011, kampeni ya Rais Obama ilitangaza shindano la mabango ya kuunga mkono ajira kwa Wamarekani. Zawadi ya mshindi ilikuwa nakala ya bango lenyewe ikiwa ndani ya fremu na saini ya Rais. Bango la kudai watu wapewe kazi za malipo, likachorwa na mtu asiyelipwa! Wasanifu hawakukosea walipolicheka.

Hoja ya wanaotetea

Insafu inatutaka tuwasikilize wanaoyatetea mashindano haya. Wanasema kwamba kijana wa Indonesia au Ufilipino, ambaye hana jina wala jamaa katika miji mikubwa, hupata mlango wa kuingilia. Wanasema pia kwamba hakuna anayelazimishwa, na kwamba mchoro usioshinda hubaki kuwa mali ya mchoraji wake. Hoja hizi zina uzito. Lakini ni vyema ifahamike kwamba mlango unaomtaka mtu afanye kazi hamsini ili alipwe moja ni mlango mwembamba mno, na hiari ya mwenye dhiki si sawa na hiari ya mwenye nafasi.

Wapo pia katika wasomi wetu watakaosema kwamba jambo hili lina asili katika fiqhi, nayo ni ju'ala: mtu huahidi malipo kwa yeyote atakayemrejeshea, kwa mfano, mnyama wake aliyepotea, na asiyemrejesha hana haki ya malipo. Jumhuri ya wanazuoni wameijuzisha. Hata hivyo tuutazame mfano wenyewe kwa makini. Waliomtafuta mnyama wasimpate hawakumwachia mwenye mnyama kitu chochote mkononi. Ama katika shindano la nembo, watu hamsini wameleta mnyama hamsini. Mteja amezipokea kazi zote zikiwa zimekamilika, amezilinganisha, amejifunza kwazo kile anachokitaka, na mara nyingine humwambia mshindi aongeze kipande kinachofanana na cha yule aliyeshindwa. Amenufaika na jasho la wote, akalipa jasho la mmoja. Sitoi hukumu ya halali na haramu hapa, kwani fatwa ina watu wake. Ninachosema ni kwamba kazi ya kuchora nembo iko karibu zaidi na ijara, ambayo ndani yake kazi hujulikana, ujira hujulikana, na mfanyakazi hujulikana kabla mkono haujaanza kutembea.

Kazi isiyo na jina

Kuna madhara mengine yanayotokana na kuidharau kazi hii, nayo ni kupotea kwa jina la mwenye kazi. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland nchini Marekani, aliichora alama ya Nike kwa dola 35. Mwaka 1983 kampuni ilimkumbuka, ikampa pete ya dhahabu na hisa. Yeye alibahatika kwa sababu jina lake lilihifadhiwa.

Kwetu Tanzania hali haikuwa hivyo. Mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, alitambuliwa na watu wengi kuwa ndiye aliyeichora nembo ya Taifa, ilhali wengine walitaja jina la mtu mwingine. Mzee huyo aliishi kwa dhiki jijini Dar es Salaam, na alifariki mwaka 2017. Nembo hiyo iko juu ya kila barua ya serikali, na bado watu hubishana ni nani aliyeshika kalamu. Lau mkataba na jina vingetunzwa kwa namna ya kila mtu kuvijua, ubishi huo usingekuwepo.

Upande wa pili wa jambo hili ni wizi. Julai 2015 ilizinduliwa nembo ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyobuniwa na Kenjiro Sano. Msanifu wa Ubelgiji, Olivier Debie, akalalamika kwamba imefanana na nembo aliyoibuni kwa ajili ya ukumbi wa maigizo wa Liège. Sano alikanusha kuiga, lakini Septemba mwaka huo huo nembo ikaondolewa. Shindano jipya lilileta michoro zaidi ya 14,000, na mwaka 2016 ikachaguliwa moja, ya Asao Tokolo. Basi na wasanifu wenyewe wajue kwamba kile kilichowekwa hadharani ili wajifunze si ngawira. Kuiangalia kazi ya mwenzako ukaifahamu ni elimu, na kuichukua ukambandikia mteja wako ni uhaini.

Yatupasayo sisi

Ndugu msomaji, usidhani kwamba maneno haya ni ya Melbourne na Tokyo peke yake. Tazama kamati zetu. Tukijenga ukuta wa madrasa, muuza saruji hulipwa, fundi mwashi hulipwa, na mwenye gari la mchanga hulipwa. Anapofika kijana wa kutengeneza nembo, bango la mhadhara au tovuti ya taasisi, ghafla tunakumbuka kumwambia afanye fi sabilillahi. Kujitolea ni ibada tukufu, lakini nia yake hutoka moyoni mwa anayetoa. Haiwi sadaka pale mpokeaji anapoidai, na kijana akaona haya kukataa mbele ya wazee.

Kwa hiyo napendekeza mambo yafuatayo. Kwanza, mchagueni fundi mmoja kwa kuangalia kazi alizokwisha kuzifanya, na si kwa kuwachoresha watu watano bure. Mkitaka sampuli za watu watatu, walipeni wote watatu kwa sampuli zao. Pili, andikeni mapatano: kazi ni ipi, masahihisho ni mangapi, ujira ni kiasi gani na siku ya kukabidhiana ni ipi, kisha toeni arubuni kabla hajaanza. Tatu, ombeni mpewe faili la asili, lile ambalo laweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango la barabarani bila kupoteza ukali wake, na ijaribuni nembo kwa rangi moja, kwani muhuri hauna rangi nne. Nne, anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina la taasisi, na maneno ya siri yatunzwe na kamati. Anwani ikisajiliwa kwa jina la mtu binafsi, siku atakapohama au kufariki taasisi inaweza kuipoteza pamoja na kila kilichomo. Tano, liandikeni jina la msanifu katika kumbukumbu zenu.

Na kwenu vijana wa fani hii, endeleeni kufundishana. Msahihisheni anayeanza kama mlivyosahihishwa, wala msiufunge mlango kwa sababu ya wachache wenye tamaa. Lakini anapokuja mwenye mradi akijifanya anaomba ushauri, hali anataka kazi iliyokamilika, mjibuni kwa adabu na mtajeni bei. Mwenye kuijua thamani ya kazi yake huwafundisha na wengine kuithamini.

Wabillahi tawfiq.