Msituambie "Ghafla"

Kila mara mtu anapoanguka na pikipiki kwenye mvua ya mawe hapa Gashonga, maneno ni yale yale: ilikuja ghafla. Mwenye duka anasema ghafla, mwenye pikipiki anasema ghafla, hata mama wa aliyeanguka, akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali, anasema ghafla, ni kazi ya Mungu. Mama simlaumu. Hao wengine ndio ninaowaandikia, maana neno hilo midomoni mwao lina kazi moja tu: kuhakikisha kwamba hakuna atakayelipa.

Nianze na jina la kitu chenyewe, kwa sababu mdogo wangu aliyepata makazi Montreal ananicheka. Nilimtumia picha ya barabara ikiwa nyeupe, migomba imechanikachanika, akanijibu kwa sauti: "Kaka, hiyo si theluji, ni mvua ya mawe tu. Njoo huku uone." Sawa, ana haki. Theluji hushuka polepole kama manyoya ya kuku. Hii yetu hutengenezwa ndani ya wingu refu: matone yanapandishwa na upepo hadi kwenye baridi kali, yanaganda, yanazidi kunenepa, na upepo ukishindwa kuyabeba yanaachiwa. Karibu na ikweta baridi ya kugandisha maji iko juu sana, karibu mita 5000, kwa hiyo kule chini bondeni Bugarama vipande vingi huyeyuka kabla ya kufika. Huku mlimani safari yao ni fupi zaidi, wanatufikia wazimawazima. Lakini majirani zangu Wanyarwanda hawana ubishi huo. Wao wanasema urubura, neno moja kwa kinachotupiga hapa na kwa kile cha Montreal. Naona wana akili. Gurudumu la mbele halina kamusi.

Na si sisi peke yetu tuliochanganya. Septemba 2008, pale Busara, upande wa Nyandarua nchini Kenya, watu walikuta kilima kimefunikwa weupe. Walishika, walionja, walirushiana, wakasema theluji imefika kwao. Wataalamu wa hali ya hewa wakaja kueleza kwamba ni mvua ya mawe iliyoshikana ikawa kama shuka. Kericho, hukohuko Kenya, hata wasingeshangaa. Mvua ya mawe inawapiga mara nyingi mno, hadi kuanzia miaka ya 1960 ndege zilitumwa kunyunyizia mawingu kemikali ili mawe yasikue na kuharibu chai. Fikirini hapo kidogo. Kwa ajili ya jani la chai hakuna aliyesema ghafla. Watu walikaa, wakahesabu majani yaliyopotea, wakaona kuna sababu ya kulipia ndege angani.

Upande wa pili wa hesabu hiyo upo hapa hapa Rwanda. Karisimbi, mita 4507, jina lake linatokana na ile simbi nyeupe, kwa sababu kilele chake huonekana cheupe. Weupe huo uko kwenye jina, yaani watu wa hapa waliujua kabla ya mzungu yeyote kuja na kipimajoto. Mwaka 1908 mjiolojia Mjerumani, Egon Kirschstein, wa msafara wa mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipanda huko na wapagazi. Wakakutwa na dhoruba ya mawe na theluji. Wapagazi 20 wakafa. Jina la mjiolojia nimelijua bila kulitafuta sana; jina la mpagazi hata mmoja sijawahi kuliona. Na hiyo nayo, ukisoma inavyosimuliwa, ni habari ya mlima mkali na hali ya hewa iliyobadilika. Kwamba kuna watu waliopelekwa juu wakiwa na mizigo ya mtu mwingine migongoni, hilo linapitwa haraka.

Mimi nabeba watu. Pikipiki si yangu. Kila jioni lazima nimpelekee mwenyewe faranga 5000, inyeshe isinyeshe, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho ninachokula na watoto. Tulipovuka Ruzizi kutoka Bukavu sikuwa na kitu cha kuweka rehani, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kubishana masharti. Alisema tu: kuna wengine kumi wanaoitaka. Kweli wapo. Ninawajua kwa majina.

Basi mwezi wa nne, katikati ya itumba, natoka Kamembe saa tisa na mama mmoja mwenye kikapu. Huko mbele mlimani wingu lilikuwa limeshafunga, jeusi, chini yake kuna rangi ya kijani kibichi kama maji ya sufuria chafu. Mwendeshaji yeyote wa huku akiliona wingu lile anajua. Hakuna ghafla hapo, kuna dakika kumi kamili za kuonywa. Mawe ya kwanza yakagonga helmeti kama mtu anayebisha hodi. Halafu yakaja yote. Vidole kwenye usukani vinapigwa mpaka huvisikii, kioo cha helmeti kinajaa ukungu, ukikifungua unapigwa jichoni. Barabara ikawa kama umemwagiwa punje za mahindi makavu. Ukigusa breki ya mbele tu, gurudumu linaondoka na safari yake. Na nyuma yako kuna lori la saruji linatoka au linaenda Bugarama, dereva wake naye haoni.

Nikasimama. Tukajibanza kwenye kibaraza cha duka, dakika ishirini, labda ishirini na tano. Ilipokwisha barabara ilikuwa nyeupe hadi kwenye kona, na moshi wa baridi unapanda kutoka chini. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Nilipiga ile picha ya Montreal hapo. Kisha tukateremka gia ya kwanza, miguu yangu yote miwili ikiburuzwa chini, mpaka nyumbani.

Mama akanilipa 1500 badala ya 2000, kwa sababu nimemchelewesha. Safari mbili za jioni nikazikosa. Mwenye pikipiki akataka 5000 zake zote. Nilipomwambia mvua ya mawe, akajibu: "Mvua ni ya Mungu, hesabu ni yangu."

Siku hiyo hiyo mwenzangu mmoja hakusimama. Alikuwa bado na deni la jana. Alianguka kwenye mteremko, akavunjika mtulinga, abiria wake akachubuka mkono wote. Swali la kwanza aliloulizwa kwa simu lilikuwa kama madigadi ya mbele imepona.

Sasa nasikia hoja. Wanasema dereva hodari hapungukiwi na mvua. Wanamsifu anayefika amelowa chapachapa, anatetemeka, wanamwita mwanaume. Sifa hiyo ni rahisi kwa sababu haimgharimu msifu hata faranga. Wengine wanasema, wewe ni mkimbizi, shukuru una kazi. Nashukuru, kila siku. Shukrani yangu haishiki barabara kuliko matairi yaliyokwisha.

Mdogo wangu huyo wa Montreal, baada ya kunicheka, alinieleza jambo ambalo nilimwombea radhi ya kulitumia hapa. Kwao Quebec, kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi, sheria inalazimisha magurudumu ya baridi, na pikipiki zimo. Theluji yao imeandikwa kwenye kalenda, ina tarehe, ina faini. Haina maana kwamba huko hakuna anayeteseka. Vijana wetu wanaopeleka chakula milangoni kwa baiskeli wanaijua baridi hiyo vizuri kuliko mimi. Lakini hakuna ofisa atakayesimama pale Januari aseme theluji imetushtua.

Sisi nasi tuna kalenda. Itumba, Machi hadi Mei. Umuhindo, Septemba hadi Desemba. Wazee wa hapa wanaweza kukuonyesha ni vilima vipi hupigwa kwanza. Kwa hiyo ninachodai ni kidogo mno, hata naona haya kukiandika: siku ya mvua ya mawe, mwenye pikipiki apunguze hesabu ya siku hiyo, hata kwa faranga 1000. Abiria asikate nauli kwa sababu dereva amesimama. Na ukiona dereva anataka kuendelea chini ya mawe, wewe uliye nyuma ndiye umwambie simama, tutangoja, nitakulipa yote. Sauti yako nyuma ya helmeti yake ina nguvu kuliko ya mke wake.

Maneno haya nimemsomea mwenye pikipiki kwa simu, yote, pamoja na mahali ninapomtaja. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atafikiri. Umuhindo unaanza mwezi ujao.