Kichakataji Kinapotua: Istilahi za Tarakilishi na Lugha ya Wanamaji wa Lamu

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi na teknolojia umeendeshwa kwa miaka mingi, na aghalabu huishia mahali pamoja: kwenye kioo cha tarakilishi. Mnamo 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na muda si muda Microsoft nayo ikafuata kwa menyu za Kiswahili. Hayo yalikuwa mafanikio yasiyostahili kubezwa. Hata hivyo, maneno yaliyotafsiriwa wakati ule yalikuwa ya barazani: faili, hariri, chapisha, hifadhi. Ndani ya nyumba hatujaingia. Makala haya yanachukua dhana moja iliyo chumba cha ndani kabisa, na kudai kwamba istilahi yake haitapatikana kwa kufunua kamusi. Sharti kwanza tukielewe kitu chenyewe, kisha tuwaendee watu ambao kazi yao ina jambo la namna hiyo.

Kichakataji cha kisasa hakitekelezi amri kwa utaratibu ule zilivyoandikwa na mwanaprogramu. Tangu miaka ya 1960, hasa baada ya Robert Tomasulo wa IBM kuchapisha mbinu yake mnamo 1967, wahandisi wamejua namna ya kutanguliza amri ambayo mahitaji yake yako tayari na kuiacha nyuma ile inayongojea data. Isitoshe, vichakataji vya leo hubashiri: vikifika njia panda, huchagua njia moja na kuanza kuifuata kabla ya kujua kama ndiyo. Mwishowe matokeo hupangwa upya, mwanaprogramu akaona kana kwamba mambo yalifuatana moja baada ya jingine.

Lakini ziko amri zisizostahimili hila hiyo. Katika vichakataji vya jamii ya x86, CPUID ni mfano mashuhuri: kila amri iliyoitangulia sharti iwe imekamilika, na mabadiliko yake yote yawe yamethibiti, ndipo inayofuata iletwe na kutekelezwa. IRET, inayoirejesha programu kazini baada ya katizo, ni ya kabila hilo hilo. Na asidhani msomaji kwamba haya ni mambo ya wahandisi peke yao. Udhaifu wa Spectre na Meltdown, uliotangazwa Januari 2018, ulionyesha kwamba kazi iliyofanywa kwa kubashiri tu huacha nyayo, na mwizi aweza kuzifuata nyayo hizo hadi kwenye siri za mwenye mashine.

Sasa tuingie kwenye kiigizi, yaani programu inayoiga kichakataji ili watafiti wakijaribu kabla hakijaundwa. Kinachojulikana zaidi vyuoni ni gem5, kilichotangazwa 2011 baada ya kuunganishwa kwa M5 cha Michigan na GEMS cha Wisconsin. Ndani yake, amri kubwa ya x86 huvunjwa kuwa vijiamri kadhaa kwa maikrokodi, wazo aliloliasisi Maurice Wilkes wa Cambridge mnamo 1951. Anayeandika maikrokodi hiyo ndiye anayepaswa kutia alama: hapa pangojewe. Akiisahau, kiigizi sahili kinachotekeleza amri mojamoja hakitaonyesha kosa lolote, kwa kuwa humo kila kitu tayari kimefuatana. Kosa litajitokeza siku atakapotumia kielelezo kinachovuruga mpangilio. Na akizidisha, akatia alama kwenye kila kijiamri, basi kila kimoja kitasubiri foleni nzima imalizike, na kiigizi kitatangaza kwamba mashine ni goigoi kuliko ilivyo kweli. Alama ya kungojea waliotangulia ni ya kijiamri cha kwanza. Ile ya kuwazuia wanaofuata ni ya kijiamri cha mwisho. Baina yake vijiamri vyenyewe na viende vitakavyo.

Kiingereza hutumia neno moja kwa jambo hili na kwa jambo jingine kabisa, nalo ni kugeuza data yenye umbo ndani ya kumbukumbu kuwa mlolongo wa kuhifadhiwa au kupelekwa kwingine. Mfasiri asiyeijua mashine atayapa yote mawili jina la ‘ufuatanishaji’ na kuondoka ameridhika. Kwa maoni yangu hilo ni kosa maradufu. Jambo la pili lina kitenzi chake cha kale: kutunga, kama mtu atungavyo shanga katika uzi. Na la kwanza halihusu kufuatana hasa. Linahusu mpaka baina ya kabla na baada.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wanamaji wa Lamu. Jahazi linapotaka kubadili upande wa upepo, foromali husimamishwa wima na tanga likazungushwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Kabla ya hapo mabaharia walikuwa na shughuli zao mbalimbali: huyu anatoa maji chomboni, yule anapanga mizigo, mwingine anashughulikia kamba, na hakuna aliyemngoja mwenziwe. Nahodha akitoa amri ya kugeuza, kila shughuli inayogusa tanga sharti iwe imekwisha, demani iwe imelegezwa, na hakuna jipya linaloanzishwa mpaka tanga lishike upepo tena. Ulinganishi huu una kikomo, kwani mtoa maji aweza kuendelea na kazi yake ilhali kichakataji hakimwachi mtu. Lakini kiini ni kimoja.

Wapo watakaopendekeza mfano wa mlango wa Mkanda, ule mkondo mwembamba baina ya Manda na bara, ambako vyombo vya kwenda Pate na Faza hungoja maji yajae. Mfano huo naukataa. Pale chombo kinangojea kitu kilicho nje yake, kama amri ingojeayo data kutoka kwenye kumbukumbu. Kungojea huko ni kwa namna nyingine, na kunastahili jina lake.

Pendekezo langu ni *amri ya kituo*. Kitenzi -tua tunacho tayari: jua hutua, mchukuzi hutua mzigo, nahodha hutua tanga. Nasi wanafunzi wa ushairi tunakiita kituo mshororo ule wa mwisho unaoufunga ubeti, na ubeti usipojitosheleza mwalimu hukunja uso. Itasemwa kwamba neno hili limekwisha kubebeshwa mengi, kuanzia kituo cha polisi hadi kituo cha mabasi. Ni kweli. Lakini neno ‘mzizi’ limebeba mti, hisabati na sarufi, na hakuna aliyepotea. Ninachokiogopa zaidi ni istilahi iliyosafishwa hata ikakosa maana yoyote masikioni mwa msemaji.

Kuna sababu ya kuharakisha. Vyombo vingi vya Lamu siku hizi huenda kwa mashine, na tangu gati la kwanza la bandari mpya lilipofunguliwa mnamo Mei 2021, vijana wa visiwani wamepata sababu nyingine ya kuzipa kisogo kamba na foromali. Mafundi wa Matondoni wangali wanaunda majahazi, na manahodha wangali wanashindana kwa matanga. Chama chetu kimezoea kupeleka wanafunzi Lamu kukusanya tenzi. Safari ijayo iwe na wanafunzi wawili au watatu wa uhandisi wa tarakilishi, wakae kitako na wazee wa bahari wakiwa na orodha ya dhana mkononi badala ya orodha ya maneno ya Kiingereza: kungojea, kubashiri, kufuta kilichobashiriwa vibaya, kupanga upya, kutua. Hilo la kufuta ndilo linalonitatiza zaidi, kwani sijapata neno la baharia anayerudi nyuma asiache mkuza.