Usitupe Ramani ya Zamani

Vijana wenzangu, leo twende Louisiana, kusini mwa Marekani, pale Mto Mississippi unapoingia baharini. Shika simu, tafuta ramani za topografia za pwani ile za miaka ya 1950. USGS, shirika la ramani la serikali yao, limeziweka mtandaoni bure kabisa. Utaona alama ndogo za buluu kama vishungi vya nyasi zimejaa kote. Hicho ni kinamasi. Si bahari, si nchi kavu, lakini watu walivua kamba na chaza humo, wakatega wanyama, wakalea watoto.

Sasa cheki mistari. Vijito vya asili vinapindapinda. Ukiona mstari wa buluu umenyooka kama wa rula, huo ni mfereji umechimbwa na binadamu, na mingi ni ya kampuni za mafuta na gesi, ya kupitisha mitambo na mabomba. Kupitia mifereji hiyo maji ya chumvi yakaingia ndani, nyasi zikafa, na mizizi ikifa tope halina wa kulishika. (Walio karibu na mikoko wanalijua hili bila kusoma.) Halafu kingo za kuzuia mafuriko zikaufunga mto usilete tope jipya. Kati ya 1932 na 2016 zilipotea takriban kilomita mraba 4,800. Isle de Jean Charles, kisiwa cha Wamarekani wa asili, kimepoteza asilimia 98 ya ardhi yake tangu 1955. Serikali ikatoa dola milioni 48 wahamishwe.

Kisha majina nayo yakaondoka. Kuanzia 2011, zaidi ya majina 30 ya sehemu za Plaquemines yalifutwa kwenye ramani za mabaharia. Yellow Cotton Bay ni mojawapo: ghuba isiyo na kingo si ghuba tena.

Kuna wanaosema ramani lazima ionyeshe kilichopo, la sivyo chombo kitapotea. Sawa, sipingi. Lakini ukibaki na ile mpya pekee, utaona bahari tu, kana kwamba ilikuwa bahari tangu zamani. Hakuna aliyeishi pale, hakuna aliyechimba, basi utamdai nani? Ile ya zamani inaonyesha nyasi na inaonyesha mfereji, vyote kwenye karatasi moja yenye mwaka.

Na madai yapo. Aprili 2025, jopo la raia mahakamani huko Plaquemines liliamua Chevron ilipe zaidi ya dola milioni 740 kwa uharibifu wa kinamasi. Kampuni ikasema itakata rufaa.