Kura ya Mwananchi Haihami

Wananchi wa nyanda za juu za Kigoma, kutoka Makere na Kasulu hadi Kibondo, wana haki ya kuuliza swali moja ambalo mpaka leo halijajibiwa sawasawa: kura walizozitoa mwaka 2010 zilikwenda wapi? Katika uchaguzi ule chama cha NCCR-Mageuzi kilipata majimbo manne tu katika Jamhuri yetu nzima, na yote manne yalikuwa ya mkoa huu. Ndugu Moses Machali alishinda Kasulu Mjini, Bibi Agripina Buyogera akashinda Kasulu Vijijini, Ndugu Felix Mkosamali akachaguliwa Muhambwe, na kule mwambaoni mwa ziwa Ndugu David Kafulila akatwaa Kigoma Kusini. Miaka mitano baadaye, katika uchaguzi wa 2015, halikusalia hata jimbo moja kati ya hayo mikononi mwa chama hicho.

Hatuandiki haya kwa nia ya kukisimanga chama kilichoanguka, wala kukisifu kilichoshinda. Kuanguka na kuinuka ni jambo la kawaida katika siasa ya vyama vingi, na mwenye kura ana hiari ya kuibadili. Linalotusumbua ni kwamba mkulima aliyeacha shamba lake la maharage akasimama juani tangu asubuhi ili apige kura, alidhani anakiwekea chama msingi. Kumbe, kwa jinsi mambo yalivyokwenda, alikuwa akimpa mtu mmoja nauli ya safari ambayo mwisho wake yeye mpiga kura hakuujua.

Ili kuyaelewa ya Kasulu na Kibondo yatupasa kwanza kukumbuka historia ya chama chenyewe. NCCR-Mageuzi ilitokana na kamati ya wanamageuzi waliodai katiba mpya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati chama kilikuwa kimoja. Sheria ilipofunguliwa mwaka 1992, chama hicho kilikuwa na wanasheria na wasomi hodari, lakini hakikuwa na umati. Umati ulikuja mwaka 1995 pamoja na Ndugu Augustine Mrema, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani, alipoihama CCM na kusimama kugombea urais kwa tiketi ya NCCR. Alipata karibu asilimia 28 ya kura, kiasi ambacho wakati ule kiliwafanya wengi waamini kwamba chama kikuu cha upinzani kimekwisha kupatikana.

La hasha. Umati uliokuja na mtu uliondoka na mtu. Ugomvi kati ya Ndugu Mrema na Katibu Mkuu wake, Ndugu Mabere Marando, ulikipasua chama katikati, na mwaka 1999 Ndugu Mrema akahamia TLP pamoja na wafuasi wake. Ilipofika 2005, NCCR-Mageuzi haikupata jimbo hata moja. Chama ambacho miaka kumi kabla kilitajwa kama serikali ya kesho kilikuwa kimebaki na jina, bendera na ofisi.

Ni katika hali hiyo ya unyonge ndipo mkoa wa Kigoma ulipokiokoa. Mwaka 2010 mwenyekiti wake, Ndugu James Mbatia, alishindwa katika jimbo la Kawe, Dar es Salaam, huku vijana wake wakishinda huku magharibi. Wala haikuwa ajabu kwa Kigoma kuchagua upinzani. Mwaka 1995 Kigoma Mjini ilimpeleka Bungeni Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA, na mwaka 2005 Kigoma Kaskazini ikamchagua kijana Zitto Kabwe wa chama hicho hicho. Mkoa huu, ambao enzi za ukoloni ulifanywa ghala la manamba wa mashamba ya mkonge, na ambao baada ya uhuru uliendelea kungoja barabara ya lami kwa miongo mingi, una sababu zake za kumsikiliza mtu anayesema kwa sauti kubwa.

Na sauti zilisikika, lazima tukiri. Mwaka 2014 Ndugu Kafulila alisimama Bungeni akadai maelezo juu ya zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu. Aliitwa majina, lakini hakunyamaza. Kabla mwaka huo haujaisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa amejiuzulu na waziri mmoja amefutwa kazi, na Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini naye akajiuzulu. Hayo yalifanywa na mbunge wa chama chenye viti vinne. Mwananchi asidanganywe kwamba mpinzani mmoja Bungeni ni kelele tu.

Lakini mbunge huyo huyo, Desemba 2011, alikuwa amekwisha kufukuzwa uanachama na chama chake kwa kutofautiana na mwenyekiti, na ubunge wake ukaokolewa na mahakama. Hapa pana kasoro kubwa ya utaratibu wetu. Katiba yetu inasema kwamba mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni, kiti chake kinakuwa wazi. Tena hairuhusu mgombea binafsi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapa hapa Arusha, iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki ya raia. Maana yake ni kwamba kikao cha watu wachache kinaweza kufuta kwa siku moja uamuzi wa maelfu ya wapiga kura, nao wasiulizwe.

Upande wa pili wa kasoro hiyo ni wanasiasa wenyewe. Mwaka 2015 Ndugu Machali aliingia ACT-Wazalendo, akashindwa, na mwaka uliofuata akajiunga na CCM. Baadaye aliteuliwa mkuu wa wilaya. Ndugu Kafulila, baada ya kushindwa mwaka 2015, alikwenda CHADEMA, kisha mwishoni mwa 2017 akaihama na kuingia CCM, na mwaka 2021 akawa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu. Dk. Kabourou naye alikuwa amekwisha kuhamia CCM kabla yao. Kuhama chama si kosa la jinai, na mtu hazuiwi kubadili mawazo. Lakini wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa kwetu waliochuma juani ni wapiga kura, na waliokula kivulini ni wengine.

Haki inatudai tuseme pia kwamba si kila kilichokiangusha chama hiki kilitoka ndani. Mwaka 2015 kilijiunga na CHADEMA, CUF na NLD katika UKAWA, na baadhi ya viongozi wake walilalamika hadharani kwamba kimepunjwa katika kugawana majimbo. ACT-Wazalendo nayo, ikiwa nje ya umoja huo, iligombea kura zile zile za upinzani katika mkoa huu. Kisha kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Januari 2023. Chama kisicho na fedha, kikinyimwa na mkutano, kitasemaje na mwanakijiji? Serikali iliyoweka zuio hilo haiwezi kukwepa sehemu yake ya lawama.

Hata hivyo, zuio peke yake halielezi yote. Mwaka 2015 NCCR ilipata jimbo moja tu, Vunjo, ambako Ndugu Mbatia alimshinda Ndugu Mrema. Wenyeviti wawili wa zamani na wa sasa wa wakati ule, wa chama kimoja, waligombania kiti kimoja huku majimbo manne ya Kigoma yakipotea! Mwaka 2020 na Vunjo ikaondoka. Mwaka 2022 Ndugu Mbatia mwenyewe alisimamishwa, kisha akaondolewa katika uongozi na chama alichokiongoza kwa zaidi ya miaka ishirini. Ugomvi wa miaka ya 1990 ulikuwa umerudi na majina mapya.

Kwa maoni yetu, somo ni moja. Chama kilichojengwa juu ya mtu kitaishi umri wa hamu ya mtu huyo, na hamu ya mtu ni fupi kuliko haja za wilaya. Chama kinachotaka kura za Makere hakina budi kuwa na tawi Makere: tawi lenye daftari la wanachama, lenye ada hata ikiwa ndogo, linalokutana hata mwaka usio wa uchaguzi, na lenye sauti katika kumteua mgombea na katika kumfukuza. Tawi la namna hiyo likiwapo, mbunge akihama ataondoka na koti lake tu. Lisipokuwapo, ataondoka na chama chote mfukoni.

Kwa upande wa sheria, tunasema bila kusita kwamba mlango wa mgombea binafsi ufunguliwe, na kwamba mbunge aliyechaguliwa na wananchi asipoteze kiti kwa sababu tu amegombana na wakubwa wa chama chake. Akiamua mwenyewe kuhama, hapo arudi kwa waliomtuma awaombe upya.

Nao wananchi wenzetu wa Kasulu na Kibondo wasikate tamaa ya kura. Mgombea atakapokuja tena na gari la vipaza sauti, wasimwulize tu atawaletea nini. Wamwulize tawi la chama chake liko wapi, nani mwenyekiti wake, na mara ya mwisho lilikutana lini. Asiyeweza kujibu hayo, ajulikane mapema kuwa ni msafiri.