POLEPOLE SI UPOLE

Umewahi kuona bukari ya matanga ikisongwa? Kwetu Sandoa, sufuria ya nyumbani mama mmoja huisonga peke yake akiwa amekaa. Ile kubwa ya kilio hutaka watu wawili wenye mabega, na mwiko huenda polepole. Hakuna anayesema kazi ile ni nyepesi kwa kuwa mwiko hauendi mbio. Lakini kiwandani tunasema hivyo.

Katika viwanda vya Kolwezi, unga wa mawe ya shaba na kobalti huyeyushwa kwa asidi ya salfa ndani ya matangi. Mengine huchanganywa kwa hewa, mengine kwa mwiko wa chuma unaozungushwa na mota. Tunaogopa kichanganyio kidogo cha maabara kwa sababu kinavuma. Tangi kubwa tumelizoea. Hapo tunakosea.

Sikiliza hesabu. Ukiongeza upana wa mwiko mara 2, bila kubadili umbo wala mizunguko, nguvu inayotakiwa huongezeka mara 32. Ukiongeza mizunguko mara 2, nguvu huongezeka mara 8. Kwa hiyo mainjinia wakikuza tangi, hupunguza mizunguko. Tangi lililokuzwa mara 2 kila upande hubeba maji mara 8. Ili kila lita ipate nguvu ileile, mizunguko 100 kwa dakika hushuka hadi 63 hivi. Jicho linaona mwiko umetulia. Kumbe mota ina nguvu mara 8, ncha ya mwiko inakwenda mbio kuliko ya ule mdogo kwa robo hivi, na mhimili unasokota kwa nguvu karibu mara 13. Lakini mguu wa mtu ni uleule.

Katika kiwanda kimoja nilichofanya kazi zamani, mtu aliingia tangini kukwangua tope lililoganda. Mota ilikuwa imezimwa kwa kitufe tu. Mwenzake wa zamu iliyofuata hakujua, akabonyeza. Mwiko ulizunguka kidogo tu, polepole. Nilimfunga mguu kwa vipande viwili vya mbao tukisubiri gari la wagonjwa. Hakurudi tena kazini.

Wengine husema kufunga umeme na kutafuta kufuli kunachelewesha kazi. Mimi nasema hivi: kufuli moja la msimamizi halitoshi. Kila anayeingia awe na kufuli lake mwenyewe, na ufunguo ukae mfukoni mwake, si ofisini. Dakika chache za kungoja ni rahisi kuliko miezi ya kulala lopitali, na watoto nyumbani wanauliza.

Kabla ya kuingia tangini, fanya hivi:

1. Simamisha mota, kata umeme kwenye sanduku lake, weka kufuli lako.
2. Bonyeza kitufe cha kuwashia, uhakikishe mwiko hausogei.
3. Mabomba ya asidi yafungwe, na hewa ya ndani ipimwe.
4. Mtu mmoja abaki mlangoni, asiondoke hata kwa sigara. Ukianguka, aite msaada. Asikufuate ndani peke yake.

Ndugu, mimi kazi yangu ni kufunga vidonda, lakini mguu uliosagwa sina dawa yake. Dawa yake ni kufuli, na unayo wewe.