Wachambuzi wa Hard Rock: Wanasikiliza Albamu au Wanasoma Jina tu?

Kuna wachambuzi wa muziki ambao ukisoma kazi yao mpaka mwisho unatoka unamjua mchambuzi vizuri, ila albamu yenyewe huijui. Kwenye hard rock ya siku hizi ndio wamejaa.

Chukua mfano wa vijana wa Greta Van Fleet kutoka Michigan, Marekani. Oktoba 2018 walitoa albamu yao ya kwanza kamili, Anthem of the Peaceful Army. Tovuti moja kubwa ya kulekule ikawapa 1.6 kwa 10. Kosa lao? Wanafanana na Led Zeppelin. Februari 2019 vijana haohao wakabeba Grammy ya albamu bora ya rock kwa From the Fires, kazi yao ya 2017. Sasa msomaji amwamini nani?

Kiukweli, wote wawili hawajamsaidia. Tuzo haimwambii mtu ni wimbo gani unachosha. Na kusema "wameiga" halafu ukaishia hapo ni uvivu. Sawa, sauti ya yule dogo inapanda kama ya Robert Plant, hilo halihitaji darubini. Swali ni je, nyimbo zinasimama zenyewe? Solo za gitaa zinausogeza wimbo au zinajaza muda tu? Hapo ndipo mchambuzi anapokaa kimya.

Watu wanasahau pia kwamba albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, 1969, ilipondwa na jarida la Rolling Stone. Na wao walichota sana kwa wazee wa blues. Mwaka 1985 Willie Dixon aliwashtaki kwa ajili ya Whole Lotta Love, wakaja kumalizana nje ya mahakama. Kuchota kwa wakubwa hakujaanza leo. Kinachotakiwa kupimwa ni chungu kilichopikwa baada ya kuchota.

Sio kwamba wakongwe wasiguswe, hapana! Wengine ndio wanaogopa majina. Metallica walipotoa Death Magnetic mwaka 2008 sifa zilimiminika, lakini sauti ilikuwa imepandishwa mpaka inakwaruza. Mashabiki ndio waliopiga kelele, maana nyimbo zilezile zilisikika safi zaidi kwenye gemu ya Guitar Hero kuliko kwenye CD. Maelfu wakasaini ombi irekebishwe. Shabiki na spika zake za nyumbani akafanya kazi ya mchambuzi.

Na hili sio la mchezo. Albamu ya Metallica ya 2023, 72 Seasons, ina dakika 77. Kijana anayenunua bando kwa kubanabana anataka aambiwe mapema kama urefu huo unalipa, aanzie wapi, aruke wapi. Na bendi changa inayopondwa kwa sura yake tu haijifunzi chochote. Inaweza kuvunjika wakati ilihitaji mtu mmoja tu wa kuiambia, "punguzeni solo, andikeni mashairi vizuri."

Mchambuzi mzuri anasikiliza hata mara tatu, anataja wimbo, anasema kilichomkera na kwa nini. Akiponda, aponde kwa hoja. Akisifia, asifie kilichomo ndani, sio jina la kwenye kava.

Wewe mdau, ni albamu gani ya rock waliyoiponda lakini kwako bado inagonga? Funguka hapo chini.