Malaria, Dawa na Mkojo Mweusi

Katika vituo vya afya bado husikika kauli kwamba dawa za malaria "huua vimeng'enya vya damu". Kauli hiyo inapotosha. Upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho huikinga chembe nyekundu dhidi ya sumu za oksijeni, mtu huzaliwa nao. Primakwini na dapsoni hazikiondoi. Huiongezea chembe mzigo, na ile isiyo na akiba ya kutosha hupasuka. Macho huwa manjano, nguvu humwishia mgonjwa, na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea.

Chanzo hicho kilitambuliwa Marekani mwaka 1956. Afrika ilijifunza upya kwa uchungu: LapDap, mseto wa klopoguanili na dapsoni ulioidhinishwa mwaka 2003 na kusifiwa kwa unafuu wa bei, uliondolewa sokoni mwaka 2008, baada ya majaribio yaliyohusisha pia watoto wa Tanzania kuonyesha kwamba wenye upungufu walipungukiwa damu vibaya, baadhi hadi kuongezewa.

ALu, dawa mseto itumikayo nchini tangu mwaka 2006, haina tatizo hilo. Je, muuguzi wa Misigiri, pale barabara ya Kiomboi inapochepuka, hana basi cha kuhofia? Anacho. Dapsoni ingali katika tiba ya ukoma, na nitrofurantoini hutolewa kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Primakwini nayo inarejea. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, iongezwe kwenye dawa mseto ili kuzuia mbu wasiambukizwe, hasa katika maeneo yanayokaribia kuitokomeza malaria, na bila kulazimisha kipimo cha G6PD. Singida, yenye malaria kidogo, haiko mbali na hali hiyo. Kuikataa dozi hiyo kwa hofu ya jumla ni kosa.

Kosa kubwa zaidi ni kupima wakati usiofaa. Chembe kuukuu ndizo zenye kimeng'enya kidogo kabisa, nazo hupasuka kwanza; zinazobaki, pamoja na changa zitokazo kwenye uboho, zina kingi. Kipimo cha siku hizo chaweza kusoma "kawaida", na mama akarudi nyumbani akiamini mwanawe yu salama. Kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi.

Malaria kali nayo huweza kuutia mkojo weusi. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja. Lakini kwa yule aliyekuja kwa miguu yake, swali halihitaji maabara: amewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa? Na mjomba wake je? Upungufu huu hupita kwa mama na hudhihirika zaidi kwa wanaume. Jibu liandikwe kwenye kadi, pamoja na jina la dawa, kabla mgonjwa hajatoka mlangoni.